Chai ya Maji ya Pili

Fundi saa alikufa ameketi, vijiti mkononi, na kwa muda mzuri hakuna aliyeshtuka.

Watu walidhani amesinzia. Jumapili mchana mgahawa ule wa Wachina hufurika mpaka viti vya akiba hutolewa stoo. Watoto wanalilia tambi, makarai yanalia jikoni, akina mama wanagawana wali kwa sauti, na mwanamume mmoja wa makamo aliyeinamisha kichwa kwenye meza ndogo ya ukutani si habari ya kumshughulisha mtu. Chakula ni kingi, bei ni ya kistaarabu, na kila mtu ana njaa yake.

Aliyegundua ni binti wa mpishi, ambaye ndiye mhudumu. Alimwekea supu, akamwambia, "Fundi, inapoa." Fundi hakujibu. Binti akamgusa bega. Vijiti vikadondoka sakafuni, na fundi akavifuata.

Inspekta alifika akiwa ameshika tumbo. Tumbo lake lilikuwa na tabia ya kuuma kila simu ya kituoni ilipolia. Leo liliuma zaidi, maana mgahawa huu aliujua. Jumapili iliyopita alikaa meza ya pili kutoka hapo, yeye na mama yake mzazi, na mama alimaliza buli zima la chai peke yake. Inspekta aliitazama maiti, akalitazama buli jeupe la udongo lililokuwa mbele yake.

"Nani amegusa hapa?"

"Mimi tu, afande," alisema binti wa mpishi. "Nilimgusa bega."

"Alikula nini?"

"Hakuwahi kula. Alikunywa chai tu. Alisema chai ya leo chungu. Nikamwambia nimbadilishie, akasema usijisumbue, mwanangu."

"Ukaondoka?"

"Kulikuwa na watu wengi, afande."

Binti alianza kulia. Inspekta hakumbembeleza. Alimwita Koplo, mtu mnene, mwepesi wa maneno na mwepesi zaidi wa kula, akamwamuru afunge mlango, achukue majina ya wateja, na atie lakiri buli, kikombe na bakuli la supu. Koplo aliitazama supu kwa huzuni ya kweli.

Meza iliyokuwa karibu kabisa na marehemu ilikuwa ile kubwa ya duara, yenye sinia la kuzunguka katikati. Ni meza ya watu wanane. Waliokaa pale walikuwa wawili, dada mtu na mdogo mtu. Kila Jumapili dada mtu aliitaka meza hiyo hiyo, kwa sababu alipenda kulisukuma lile sinia kwa kidole na kuona vyakula vikimjia mwenyewe, na katika mji mzima hakuna aliyewahi kumshinda kwa hoja.

"Mlimjua marehemu?"

"Hatumjui," dada mtu alijibu. "Anatengeneza saa huko mtaani. Kumjua huko si kumjua."

"Na wewe?" Inspekta alimgeukia mdogo mtu.

"Naye hamjui."

"Nimemuuliza yeye, mama."

Mdogo mtu alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, amejikunyata, leso mdomoni. Alitikisa kichwa tu. Hakuinua macho.

"Usimsumbue, ana roho nyepesi," alisema dada mtu. "Na mimi nina ugonjwa wa moyo. Nameza vidonge asubuhi na jioni, mkinishtua mtanizika. Kesho tunahama, tunakwenda kwa binamu yetu, mbali na fujo za mji huu. Mizigo imeshafungwa."

"Ifungueni. Mashahidi hawasafiri mpaka niseme."

Hapo ndipo mdogo mtu alipoinua macho kwa mara ya kwanza. Inspekta aliyaona, akayaweka akilini, kisha akaitwa jikoni akayasahau.

*

Daktari wa uchunguzi wa maiti hakupenda kuzunguka.

"Dawa ya moyo," alisema kesho yake. "Imezidi kipimo. Na moyo wake wenyewe ulikuwa mbovu, sidhani kama alijua. Mwenye moyo mzima angeumwa vibaya, pengine angepona. Huyu hakuwa na bahati."

"Alikuwa akitumia dawa hiyo?"

"Hakuandikiwa na daktari yeyote. Na maabara wameikuta kwenye buli na kwenye kikombe. Kwenye supu hakuna kitu."

Kwa hiyo sumu ilikuwa ndani ya buli, na buli lilitoka jikoni. Mkuu wa kituo hakuhitaji zaidi. Mashahidi kumi walikuwa tayari kuapa kwamba wiki mbili nyuma mpishi alitoka jikoni na upawa mkononi, akamfokea fundi saa mbele ya watu, "Nitakuua!" Mpishi alitiwa pingu akiwa bado amevaa aproni.

Chanzo cha ugomvi kilikuwa saa ya ukutani. Mpishi alikuwa ameikimbiza makusudi, ili wateja waitazame, wadhani wamechelewa, wapishe wengine. Fundi saa aliivumilia Jumapili kadhaa, mpaka moyo ukamshinda. Akapanda juu ya kiti, akaiweka sawa bila kuulizwa. Jumapili ile watu walikaa mpaka chai ikaisha jikoni.

Inspekta alimhoji mpishi mahabusu. Alikuwa mzee mkavu, mikono yote ina makovu ya mafuta. Alikuwa ameishi katika mji huu miaka mingi kuliko Inspekta mwenyewe.

"Uligombana naye?"

"Ndiyo."

"Ulisema utamuua?"

"Nilisema. Mke wangu namwambia hivyo kila siku. Karai likiungua, namwambia karai."

"Nani anatia maji kwenye mabuli?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Mimi. Kila meza, chai mpya."

"Sikukuuliza kama ni mpya."

Mpishi alifunga mdomo. Mzee aliangalia makovu yake, na hakusema neno jingine siku hiyo wala siku iliyofuata. Ukimya ule ulimtia Inspekta wasiwasi kuliko uongo wowote. Mtu asiye na hatia hupiga kelele. Huyu alikuwa amekalia jambo, nalo lilikuwa likimchoma, lakini hakuinuka.

Mtaani mambo yalichacha. Mtu alivunja dirisha la mgahawa kwa jiwe. Mwingine akaandika WAUAJI kwa rangi kwenye mlango. Watu waliokuwa wakila pale kila wiki, wakisifu mkono wa mpishi, sasa walisimulia jinsi matumbo yao yalivyokuwa yakiwauma tangu zamani. Mke wa mpishi na binti yake walijifungia ndani, mlango wa chuma umeshushwa nusu.

"Kesho asubuhi anafikishwa mahakamani," Mkuu wa kituo alimwambia Inspekta. "Kwa mauaji. Unayo jioni ya leo ya kufunga jalada."

"Bado sijaridhika, afande."

"Wewe huridhiki hata na chai ya ofisini."

Ilikuwa kweli. Lakini Inspekta aliwaza jinsi yule mzee atakavyopandishwa kizimbani, na jinsi kosa likishaandikwa kwa wino wa mahakama lilivyo gumu kufutika. Alichukua kofia akatoka.

*

Kibanda cha fundi saa kilikuwa na upana wa mlango wake. Ndani saa zilikuwa zikiendelea na kazi kana kwamba hazikuambiwa. Jirani yake, fundi cherehani, alisimama kizingitini na tepu shingoni.

"Alikuwa na adui?"

"Huyu? Adui angempata wapi? Alikuwa akiongea na saa tu."

Inspekta alivuta droo ya kazi. Juu ya kitambaa safi kulikuwa na saa ndogo ya kike, ya mkanda mwekundu. Aliiweka sikioni. Ilikuwa ikitembea. Akailinganisha na yake. Iko sawasawa.

"Hii ina ugonjwa gani?"

Fundi cherehani alicheka, kisha akakumbuka kuna msiba. "Hiyo haina ugonjwa. Mwaka mzima inaletwa kila wiki. Mwenyewe anaingia kimya, anakaa kidogo, anaondoka. Wiki ya pili, hiyo, imerudi. Saa gani inaugua namna hiyo, afande?"

"Ya nani?"

"Ya yule mdogo mtu. Dada yake ni yule mama mwenye sauti."

Inspekta aliishusha saa polepole.

"Walikuwa wapenzi?"

"Walikuwa watu wazima wenye haya. Mwezi uliopita fundi alijikaza, akatuma watu waende kuposa. Mimi mwenyewe nilikuwemo. Dada mtu alituzuia mlangoni, hata maji hakutupa. Alisema nyumba hii haitoi mtu. Basi fundi akawa anakwenda kwa Wachina kila Jumapili, anakaa ile meza ya ukutani, anamtazama kutoka pale. Hakuomba zaidi ya hapo."

Njiani Koplo alikuwa amekwisha hukumu. "Ni dada mtu, afande. Vidonge vya moyo anavyo. Mchumba hamtaki. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Sumu ilifikaje kwenye buli la meza nyingine, mbele ya watu wote wale? Yule mama akiinuka, mgahawa mzima unajua."

Koplo akakuna kichwa. "Leo asubuhi nilipokwenda kuchukua maelezo yake hakuwa wa kuinuka. Yuko kitandani tangu Jumapili, presha. Mdogo mtu ndiye anampikia, ndiye anamnywesha. Amekabidhiwa mpaka funguo za jiko."

Simu ya Inspekta ikalia. Alikuwa mkemia wa maabara.

"Kuna jambo dogo," alisema mkemia. "Pengine halina maana. Majani ya chai kwenye lile buli yamechoka. Yametiwa maji zaidi ya mara moja."

"Marehemu aliletewa buli moja tu. Hakuongezewa."

"Basi kuna mtu alilinywea kabla yake. Mimi nasema ninachokiona."

Kila meza, chai mpya. Inspekta alisimama katikati ya njia, mpaka muuza mkaa akampigia kengele apishe.

*

Mke wa mpishi hakutaka kufungua. Walipita kwa kuinama chini ya mlango wa chuma. Ndani kulikuwa na giza la mchana, viti vimepandishwa juu ya meza, vipande vya kioo vimefagiwa pembeni. Mama alikuwa akifuta meza iliyokuwa safi tayari. Binti alisimama nyuma yake.

"Chai ya fundi saa haikuwa mpya," alisema Inspekta.

"Kila meza, chai mpya," alisema mama bila kuinua kichwa.

"Mama, mumeo kesho anapandishwa kizimbani kwa mauaji."

"Chai mpya."

"Mficha uchi hazai, mama. Mnaficha nini?"

Kitambaa kilisimama. Mama alisema kitu kwa lugha yao, kifupi na kikali, na Inspekta hakuhitaji mkalimani kujua kwamba binti alikuwa akikatazwa. Binti alitazama sakafu. Kisha akatazama ile meza ya ukutani.

"Mama, Baba atafia kule," alisema kwa Kiswahili, ili wote wasikie. Akamgeukia Inspekta. "Tunaona aibu, afande. Chai ya hapa ni ya bure, na majani ni ghali. Majani mazuri yanavumilia maji ya pili, hata ya tatu. Siku ya watu wengi sina nafasi ya kumngojesha mteja. Buli likitaka kuongezwa nalichukua, naweka jingine lililojaa. Lile la kwanza linatiwa maji ya moto, linakwenda meza nyingine."

"Meza ya watu wengine."

"Ndiyo."

Mama alikaa kitini na kujifunika uso kwa kitambaa cha meza. "Bwana afya atatufunga," alisema. "Watu watasema Wachina wanatunywesha mabaki. Miaka yote hii. Mume wangu kaniambia, usiseme, afadhali mimi nifungwe."

Inspekta alitaka kukasirika, akashindwa. Mzee wa watu alikuwa amekubali kitanzi ili mkewe asitazamwe vibaya sokoni.

"Sikiliza, binti," alisema. "Unajuaje kwamba buli linataka kuongezwa?"

"Kifuniko. Kikiwekwa upande, kikaacha mdomo wazi, maana yake ongeza. Ndivyo kwetu. Wateja wa zamani wanajua, hawaniiti, wanasogeza kifuniko tu."

"Jumapili, buli la fundi lilitoka meza gani?"

Binti alifumba macho. Inspekta aliuona mkono wake ukijisogeza hewani, kana kwamba umebeba trei, ukipita kati ya wateja wasiokuwapo.

"Meza ya duara," alisema, akafumbua macho. "Nakumbuka kwa sababu nilishangaa. Yule mama mkubwa hajawahi kutumia kifuniko. Yeye huwa anapiga makofi. Nikasema leo amejifunza adabu. Nikaweka buli jipya, lile nikampa Baba atie maji, na fundi ndiyo kwanza alikuwa amekaa."

"Walikuwepo mezani ulipolibadilisha?"

"Hapana. Mama mkubwa alikwenda kunawa. Mdogo wake alibaki. Niliporudi na trei, naye hayupo, amemfuata. Meza ilikuwa tupu, kifuniko kiko upande."

"Nani alirudi kwanza?"

"Mama mkubwa."

Koplo alifungua mdomo. Inspekta alikwisha kufika mlangoni.

Fundi saa hakuwa na adui kwa sababu hakuna aliyetaka kumuua. Sumu ilitiwa kwenye meza ya duara, ili inywewe na mtu wa meza ya duara. Watu wenyewe walikuwa wawili. Mmoja alibaki peke yake na lile buli. Mwingine sasa hivi alikuwa kitandani, hana nguvu, akinyweshwa.

"Koplo! Asubuhi kule ulikunywa kitu?"

"Chai, afande. Na mkate." Koplo alijishika tumbo. "Mbili, afande. Vikombe viwili."

"Kimbia!"

*

Mlango wa nyumba ulikuwa umerudishwa tu. Inspekta aliusukuma, akapita kati ya masanduku yaliyofungwa kamba, Koplo nyuma yake akihema na kuomba dua. Chumba cha mwisho. Pazia. Dada mtu ameegemea mito, kitambaa kichwani, kikombe kiko midomoni.

"Usinywe!"

"We! Nani kakuruhusu kuingia na viatu?"

Inspekta alikipokonya kikombe. Chai ilimwagika juu ya shuka. Dada mtu alipiga kelele, akaita polisi, akakumbuka kwamba ndio hao, akapiga kelele zaidi.

"Umekunywa?"

"Nimekunywaje wakati imeniunguza ulimi! Mdogo wangu, watoe hawa!"

Mdogo mtu alikuwa amesimama dirishani, buli la nyumbani mikononi. Hakukimbia. Alilishika kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa wengine.

"Afande wa asubuhi asiogope," alisema taratibu. "Yake haikuwa na kitu."

Koplo alikaa juu ya sanduku.

"Na hii?" aliuliza Inspekta.

"Hii ina kitu."

Dada mtu alinyamaza. Pengine ilikuwa mara ya kwanza nyumba ile kusikia ukimya wake.

"Una haki ya kutosema," alisema Inspekta. "Utakalosema litaandikwa."

"Maisha yangu yote sikusema. Niandikie." Mdogo mtu aliweka buli mezani, akamwonyesha dada yake kwa kidevu. "Alijua. Mimi nilitia vidonge kwenye chai yake kule kwa Wachina, nimevisaga nyumbani, nikavifunga kwenye leso. Nyumbani nisingeweza, funguo za jiko zilikuwa kiunoni mwake. Jumapili tu ndiyo humimina mimi. Nilipotia, mikono ikawa na unga, nikaenda kunawa. Niliporudi nilimkuta ameshakaa. Nikammiminia. Akanywa, akanywa tena. Hakudhurika. Akafa yule mwingine. Sasa niambie, buli lile lilifikaje kule? Aliniona. Akalibadilisha na la fundi. Alimkosa mlangoni, akamuua mezani."

"Mimi?" Dada mtu alijaribu kuinuka. "Mimi nibadilishe mabuli? Mimi sijui hata..."

"Ndiyo maana leo sikuogopa," alisema mdogo mtu. "Jumapili niliogopa. Leo hapana."

Inspekta alimtazama. Alijua analotakiwa kulisema, na angetoa mshahara wake wa mwezi lisemwe na mtu mwingine.

"Dada yako hakubadilisha kitu," alisema. "Ulipofungua buli, ulirudisha kifuniko vipi?"

"Kifuniko?"

"Ulikifunga sawasawa?"

"Sijui. Mikono ilikuwa inatetemeka. Nilikiweka tu."

"Ulikiweka upande. Kwa wale wenye mgahawa, kifuniko kikiwa upande maana yake ongezeni maji. Mhudumu alilichukua buli lako, akawawekea jingine. Lako likatiwa maji, likapelekwa kwa mteja aliyekuwa ndiyo kwanza ameketi."

Mdogo mtu alitikisa kichwa kidogo, kama alivyotikisa siku ile. Kisha mkono wake wa kulia ukainuka wenyewe, ukaenda kwenye buli la mezani, ukakigusa kifuniko. Kilikuwa upande. Akakiweka sawa.

"Ni mimi," alisema.

Akalisukuma buli kwa Inspekta. Koplo alimshika mkono.

"Mchimba kisima..." Koplo alianza.

"Nyamaza," alisema Inspekta.

*

Walikutana ukumbini kituoni, mpishi akitoka na aproni yake mkononi, mdogo mtu akiingizwa. Mke wa mpishi na binti walikuwa wakingoja benchini. Mama alimtandika mumewe kofi la bega, kisha akamshika mkono wenye makovu na hakuuachia. Mpishi alisimama mbele ya mdogo mtu. Alikuwa amemhudumia miaka mingi.

"Pole," alimwambia.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti na taa inayolia. Mdogo mtu alitoa maelezo yake yote bila kulia. Mama yao alifariki yeye akiwa mtoto, dada mtu akaacha shule kumlea. Hakuolewa kwa ajili yake, na kila siku alimkumbusha. Mchumba wa kwanza alifukuzwa, wa pili akafukuzwa, na fundi saa akawa wa tatu. Kisha dada mtu akatangaza kwamba wanahama, na mizigo ikafungwa kabla mdogo mtu hajaulizwa.

"Una zaidi ya miaka arobaini," alisema Inspekta. "Mlango ulikuwepo. Kwa nini hukumwambia tu kwamba unaondoka?"

Mdogo mtu alitaka kujibu vizuri.

"Kanilea, afande. Kila kilichomo mwilini mwangu ni jasho lake. Utasimamaje mbele ya mtu kama huyo umwambie sasa basi? Nilijaribu. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo. Kumuua niliona nitaweza. Kumwambia sikuweza."

Kalamu ya Koplo ilisimama. Inspekta akamwashiria aendelee. Alihisi tumbo lake limetulia, na akaona vibaya kwamba limetulia sasa. Kesi ilikuwa imekwisha. Mzee alikuwa njiani kwenda kwake. Dada mtu alikuwa hai, na wakati huo huo alikuwa nje kwenye kaunta akiwafokea askari wamrudishie mdogo wake, kwamba bila dada yake hajui kula wala kulala, kwamba yote yamesameheka, mizigo iko tayari.

Mdogo mtu alizisikia zile kelele. Hakugeuka.

Inspekta alitoa bahasha mfukoni, akaiweka mezani ile saa ya mkanda mwekundu.

"Ilikuwa kwenye droo yake. Kwa sasa ni kielelezo, lakini itazame."

Mdogo mtu aliiinamia bila kuigusa. Ilikuwa bado inatembea.

"Naomba kuuliza jambo moja, afande."

"Uliza."

"Alisema chochote? Alipokunywa?"

Inspekta angeweza kumdanganya. Hakulazimika kumsomea mtuhumiwa maelezo ya shahidi. Lakini mwanamke huyu alikuwa ameshaishi vya kutosha kwa maneno ya kuambiwa na wengine.

"Alisema chai ni chungu. Binti akataka kumbadilishia. Akamwambia asijisumbue."

Mdogo mtu alifunika uso kwa mikono miwili, na sasa ndipo alipolia.

"Ndivyo alivyo," alisema. "Hapendi kusumbua watu."